Kwa Usalama Wake Mwenyewe

Zaituni alipofika wodini asubuhi ile na chupa ya uji, alimkuta mumewe ameketi kitandani badala ya kulala ameelekea ukuta. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Konstebo Mutinda, aliyepangiwa kumlinda, alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, akisoma gazeti la juzi. Zaituni alimsalimia, akammiminia naye kikombe. Siku za kwanza alimpa askari huyo uji kwa hofu. Siku hizi alimpa kwa sababu alikuwa mtu na alikuwa na njaa.

Zubair alionja, akakunja uso.

"Hii haina sukari," alisema.

Zaituni alisimama pale na kifuniko cha chupa mkononi. Ni kweli alikuwa amepunguza sukari, maana tangu mvua za El Nino ziharibu barabara kila kitu dukani kilikuwa kimepanda na hakikushuka tena. Lakini si hilo lililomfanya aketi chini ghafla kando ya kitanda. Kwa miezi mingi mwanamume huyu alikula alichowekewa, ama alikiacha, bila kujua kama ni kitamu au ni kichungu. Leo alikuwa amelalamika.

"Kesho nitaongeza," alimwambia.

Alipomweleza Sister Kamanthe, muuguzi wa wagonjwa wa akili, mama huyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Akasema hilo ndilo alilokuwa akilingoja, kwamba mtu akianza kugombana na chakula ujue yuko njiani kurudi.

Zubair alikuwa fundi wa viti vya magari. Babu yake alitoka Pwani kuja kufanya biashara Machakos, akaoa hapo, akazikwa hapo, na Zubair alikizungumza Kikamba kama watoto wote wa mtaa wa nyuma ya msikiti. Kibanda chake kilikuwa kwenye safu ya mafundi wa juakali chini ya stendi, kikipakana na cha Kinuthia, mchomeleaji vyuma aliyehamia kutoka Kiambu. Wenye magari walimpenda Zubair kwa sababu mshono wake ulikwenda sawasawa kama mstari wa rula, na kwa sababu alikuwa na mdomo. Hakuna aliyekaa kungoja kiti chake bila kuchekeshwa.

Hakuna aliyeweza kusema siku ilipoanza. Kwanza alianza kuamka kabla ya adhana ya alfajiri na kukaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, mpaka kupambazuke. Zaituni alimwuliza anawaza nini, akasema hawazi kitu. Kisha akaanza kurudi mapema kutoka kazini. Kinuthia alimwona akifumua mshono ambao haukuwa na kasoro, akiushona tena, akiufumua tena, hadi mwenye gari akaja akachukua kiti chake kikiwa nusu na kwenda nacho kwa fundi mwingine. Utani ukaisha. Mwili ukapungua. Alipoulizwa anaumwa wapi alitaja kichwa, mgongo, tumbo, kila siku mahali pengine, na watu wakaanza kutazamana.

Mama yake, Bi Ummi, alisema hilo ni jini. Walimpeleka kwa shehe, naye akamsomea, akamwandikia kombe, aya za Kurani zilizooshwa kwa maji, anywe, kisha akawaambia kwa upole wasiache kumpeleka hospitali vilevile. Wakaenda. Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi, na walipoingia, daktari kijana aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni alimwuliza Zubair swali moja tu, anaumwa nini. Zubair akasema kichwa na tumbo. Wakampima damu, wakasema ni taifodi. Akamaliza sindano zote. Waliporudi wakaambiwa ni malaria. Akameza vidonge vyote. Mara ya tatu Zubair mwenyewe alikataa kwenda, akisema anawasumbua watu bure.

Zaituni alikuwa akiuza mapazia ya mitumba sokoni, na sasa ndiye aliyelisha nyumba. Jioni moja alirudi miguu ikimwaka, akamkuta Zubair amelala na shati alilokuwa nalo juzi, sufuria za asubuhi ziko vilevile.

"Ugonjwa gani huu usiokuwa na homa?" alimwuliza. "Wanaume wenzako wako kazini."

Zubair hakukasirika. Angekasirika, Zaituni angalau angepata mtu wa kugombana naye. Alimtazama tu, akasema, "Ni kweli." Na baada ya muda akaongeza kwamba bila yeye nyumba hii ingepumzika. Zaituni aliyasikia maneno hayo akayachukulia kuwa lawama. Alifikiri anamtolea uchungu wake yeye. Alikwenda kuosha sufuria, akizigonganisha kwa makusudi ili asikie.

Ijumaa iliyofuata, watu wakiwa msikitini, Kinuthia alirudi kibandani kuchukua koleo aliyoisahau, akamkuta jirani yake katika hali ambayo hakuisimulia hata kwa mkewe Wangui. Alimwahi. Alimbeba mpaka kwenye gari la mteja, wakamfikisha hospitali akiwa hai. Pale mapokezi karani aliuliza nini kimetokea, naye Kinuthia akasema ukweli. Karani akamwambia kesi kama hiyo lazima ipite polisi kwanza, aende akalete nambari ya ripoti. Kinuthia akakimbia hadi kituoni akaripoti, akidhani anatafuta matibabu. Aliporudi na ile nambari, nyuma yake alikuja askari na pingu. Ndipo alipojua kwamba kwa sheria ya nchi hii, mtu aliyetaka kufa na asife ana kesi ya kujibu.

Tangu siku hiyo Kinuthia hakuweza kumtazama Zaituni usoni. Kila alipokuja wodini alisimama mlangoni, akauliza hali, akaacha matunda, akaondoka.

Sister Kamanthe ndiye aliyeuliza maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Siku ya pili alivuta pazia, akamwomba Konstebo Mutinda asogee hatua chache, akaketi kitandani kama mgeni aliyekuja kwa jamaa. Hakuuliza anaumwa wapi. Aliuliza kama analala, na anaamka wakati gani. Aliuliza kati ya asubuhi na jioni ni wakati gani mbaya zaidi, na Zubair akasema ni asubuhi, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kuwa jambo hilo linajulikana. Akamwuliza ni kitu gani alichokuwa akikipenda ambacho sasa hakina maana kwake.

"Kukata ngozi mpya ya viti," alisema. "Ile harufu yake. Siku hizi siisikii."

Kisha Sister akamwuliza waziwazi, bila kuzunguka, kama bado anaona ni heri afe. Zaituni alishtuka, akataka kumzuia. Lakini Zubair alitikisa kichwa kukubali, na machozi yakamtoka, machozi ambayo Zaituni hakuwa ameyaona tangu waoane. Baadaye nje, Zaituni alimwuliza Sister kama si hatari kumtajia mtu jambo lile.

"Kumwuliza hakumpi wazo, mwaitu," Kamanthe alimjibu, akimwita mama kwa Kikamba ingawa walikuwa rika moja. "Wazo liko huko ndani tayari. Ukimwuliza, anapata mahali pa kulitua."

Alimweleza kwamba huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, si uvivu wala si laana, na madaktari wanauita dipreshen. Lugha za nyumbani hazijaupa jina, ndiyo maana watu husema tu fulani amechoka, fulani amebadilika. Hauna homa wala hauonekani kwenye damu, lakini hula usingizi, hula hamu, humfanya mtu ajione mzigo. Na unatibika. Alimwandikia vidonge, akamkabidhi Zaituni na si mgonjwa, akasema vikae kwake na ampe kimoja kila jioni. Vidonge hivi si kama vya maumivu ya kichwa. Vitamfanya kwanza asinzie na kinywa kimkauke, na wiki mbili hadi tatu zitapita kabla ya moyo kuanza kuinuka. Kosa kubwa, alisema, ni kuviacha katikati. Tena mtu azungumze na mgonjwa, asimhubirie, amsikilize.

Zaituni aliyameza maneno yote hayo, na kila neno lilimchoma, kwa maana kila dalili iliyotajwa alikuwa ameiona kwa macho yake nyumbani na kuipa jina lingine.

"Ningejua," alisema.

Sister Kamanthe alitazama sakafu. Alisema hata yeye alimwona Zubair kwenye benchi la wagonjwa wa nje, zamani zile za taifodi. Alimkumbuka kwa sababu alikuwa amevaa sweta kwenye jua kali na hakumtazama mtu. Alijiambia atarudi amwulize. Wakamwita wodi ya wazazi, ambako wauguzi walikuwa pungufu, na alipotoka benchi lilikuwa tupu.

Sasa wiki zimepita, na leo Zubair alikuwa amelalamikia sukari. Alikunywa uji wote hata hivyo. Alimwuliza Zaituni kama paa la kibanda lilihimili mvua, na ni nani aliyeshika kazi ya yule mwenye basi dogo. Alisema usiku uliopita alilala mpaka taa za wodi zilipowashwa. Zaituni alikuwa bado akikunja shuka, akiomba kimoyomoyo asikosee neno, wakati Konstebo Mutinda aliporudi kutoka ofisini na kusimama karibu yao bila kuketi.

"Mama, daktari wa wodi ameandika aende," alisema. "Na mkubwa amesema akitoka tu, nimpeleke kortini. Leo leo."

Zaituni alimwambia mgonjwa hajapona, ndiyo kwanza ameanza. Mutinda alisema analiona hilo. Alisema pia kitanda kinahitajiwa, na kwamba yeye ametumwa tu. Alifungua pingu kwenye kitanda akaifunga kwenye mkono wa pili, lakini kabla ya kufanya hivyo alimngoja Zubair avae viatu na kufunga kamba mwenyewe.

Walimpandisha kwenye Land Rover ya polisi. Zaituni alifuata kwa miguu, nusu akikimbia, akapita kwa Kinuthia kumwambia. Kinuthia alivua miwani ya kuchomelea, akafunga kibanda, akatembea naye. Walipofika kortini walimkuta Sister Kamanthe ameshatangulia na nguo zake za kazi, ameomba ruhusa ya saa moja na hakuna hakika kama alipewa.

Kesi zilikuwa nyingi. Kulikuwa na wauza mboga waliokamatwa kwa kuuza kando ya barabara, mzee aliyechoma makaa bila kibali kutoka upande wa Kalama, na vijana wawili wa pombe haramu. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, akipenga kamasi kila mara kwenye leso na kuomba radhi. Hakuwa mkali. Wauza mboga aliwaonya tu akawaachilia, na Zaituni akapata matumaini.

Zubair alipoitwa, karani alimsomea kwamba siku fulani, mahali fulani, alijaribu kujiua kinyume cha sheria. Chumba chote kikageuka kumtazama. Miongoni mwa waliogeuka kulikuwa na wateja wake, na mwanamke mmoja wa mtaani kwao, aliyejifunika mdomo kwa ncha ya leso.

"Umesikia mashtaka," karani alisema. "Ni kweli ama si kweli?"

"Nilikuwa mgonjwa," Zubair alisema.

"Sema kweli ama si kweli. Hayo mengine utasema baadaye."

Zubair alimtafuta Zaituni kwa macho, akamwona. "Ni kweli," alisema.

Sister Kamanthe alisimama akaomba kusema. Hakimu alimruhusu. Alieleza kwamba mshtakiwa ni mgonjwa wake, kwamba ameanza dawa na dawa imeanza kumshika, na kwamba ikikatizwa sasa kazi yote itarudi nyuma. Akaomba aachiliwe arudi nyumbani chini ya uangalizi wake. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika. Kisha akamwuliza kama yeye ni daktari wa magonjwa ya akili. Kamanthe akasema yeye ni muuguzi, na daktari huja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi, akipata gari. Kiongozi wa mashtaka akainuka, akasema basi korti haina ripoti yoyote ya daktari mbele yake, na mshtakiwa amekubali kosa.

Hakimu alipenga kamasi, akafikiri. Alisema korti inamhurumia mshtakiwa na familia yake. Lakini haiwezi kumpa dhamana mtu ambaye amekiri kwa kinywa chake kwamba alitaka kujitoa uhai, maana akirudia, lawama itakuwa ya korti. Atakaa rumande kwa usalama wake mwenyewe, mpaka ripoti ya daktari na ya afisa wa probesheni zipatikane.

Yote yalichukua muda mfupi kuliko kesi ya makaa. Kinuthia aliinama mbele, kichwa kati ya mikono, akasema bila kumwangalia mtu kwamba ni yeye aliyempeleka pale. Zaituni alimgusa bega. Alimwambia kama si yeye, leo angekuwa na kaburi la kutembelea. Hilo lilikuwa kweli, na halikumsaidia Kinuthia.

Jioni Zaituni alikuwa kwenye lango la rumande akiwa na mfuko wa karatasi wenye vidonge. Ilikuwa karibu wakati wa kumeza. Askari jela wa langoni alimwambia dawa za nje haziruhusiwi, ndani kuna zahanati. Akaomba kumwona mhudumu wa zahanati hiyo, na baada ya kumngoja sana akatoka bwana mmoja mchovu, akausoma mfuko, akaugeuza upande wa pili kana kwamba kungekuwa na maelezo zaidi huko.

"Hizi hatuna huku, mama," alisema. "Tuko na za malaria na za tumbo."

"Basi mpeni hizi. Ni kimoja tu, kila jioni."

"Siwezi kumpa mahabusu dawa kama hizi bila sahihi ya daktari. Na huyo mtu wako, nasikia, ni wa kesi ya kujiua. Nikimpa zikamdhuru?"

Alisema ataziweka kwenye droo mpaka ipatikane sahihi. Aliufunga mfuko vizuri, akaandika jina la Zubair juu yake, akaondoka nao. Zaituni alibaki amesimama mbele ya lango. Angekuwa ni mtoto mwenye homa, angepiga kelele hapo. Lakini alishajifunza kwamba ugonjwa huu hauna kelele, na anayeupigia kelele huonekana yeye ndiye mwenye kichaa.

Alirudi kila siku ya wageni. Mara ya kwanza Zubair, nyuma ya wavu, alimwuliza kama vidonge vimepatikana, na akamwambia asijali, ataweza. Mara iliyofuata hakuuliza. Alisema ndani wanalala wamebanana hivi kwamba mmoja akigeuka wote hugeuka, na kwamba ameanza tena kuamka kabla ya adhana, ingawa adhana yenyewe hapo haisikiki. Wengine wamempa jina la mtu wa kujiua, humwita hivyo wakati wa chakula. Mara ya tatu alijibu maswali kwa kichwa. Sister Kamanthe aliandika kwa wakubwa wa jela, akaja mwenyewe mara moja, akarudishwa langoni kwa sababu hakuwa jamaa. Droo ilikuwa bado imefungwa. Daktari wa Nairobi hakupata gari mwezi ule.

Bi Ummi alikaa siku hizo zote kwenye mkeka akivuta tasbihi. Siku moja alimwambia Zaituni kwamba alipokuwa msichana alikuwa na mjomba aliyeanza kunyamaza hivyo hivyo. Walisema amerogwa. Hakueleza mjomba aliishia wapi, na Zaituni hakumwuliza.

Ripoti zilipopatikana, jakaranda zilikuwa zimeanza kuchanua kando ya barabara ya kortini. Daktari alikuwa ameandika maneno machache, kwamba mtu huyu anaugua na anahitaji matibabu bila kukatizwa. Hakimu, safari hii bila mafua, aliisoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alimwachilia Zubair chini ya uangalizi wa probesheni. Akamwonya asirudie. Akasema uhai ni zawadi ya Mungu, na kwamba korti imemwonea huruma. Kisha akamwuliza mkewe kama yuko pale, na kama anaahidi mbele ya korti kumchunga.

Zaituni alisimama. Alikuwa amejifunga buibui lake jipya, la Idi.

"Nitamchunga, mheshimiwa," alisema. "Lakini mlimchukua akiwa anaanza kupona."

Karani aliinua kichwa. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Mama, korti inafuata sheria."

"Najua, mheshimiwa. Hata mimi nilifuata kila nilichoambiwa."

Hakimu alionekana kama mtu anayetaka kusema neno, na pengine alikuwa nalo, lakini kiongozi wa mashtaka alikuwa ameshafungua faili nyingine. Wakaita kesi iliyofuata.

Nje, Konstebo Mutinda, aliyekuwa zamu ya mlangoni, alimpa Zubair mkono, akamwita fundi. Zubair aliupokea mkono huo kama mtu anayepokea kitu kisicho chake. Uso wake ulikuwa ni ule wa zamani, wa jioni ile ya sufuria. Ndevu zimeachwa, macho hayashiki mahali. Kinuthia alikuwa amekwenda rumande asubuhi kuchukua mfuko kwenye droo. Alimkabidhi Zaituni, nao ulikuwa umejaa kama ulivyoondoka.

Bi Ummi alitaka waende moja kwa moja nyumbani, amepika. Zaituni alisema waende hospitali kwanza. Walipanda kwa miguu polepole, Zubair katikati yao, na watu wa stendi waliowajua wakageukia shughuli zao mpaka wapite.

Chumba cha Sister Kamanthe kilikuwa mwisho wa jengo, kimefungwa. Mlinzi aliwaambia Sister siku hizi yuko wodi ya wazazi, hakuna mtu wa kumbadili, na kliniki ya hawa ni Alhamisi tu.

"Hawa akina nani?" Zaituni aliuliza.

Mlinzi alibabaika. "Hawa wa kichwa, mama."

"Huyu ni mume wangu. Ana ugonjwa, na ugonjwa wenyewe una jina. Unaitwa dipreshen." Alilitamka kwa sauti ya kawaida, na watu waliokuwa kwenye foleni ya dawa wakasikia.

Kinuthia alishaondoka kwenda wodi ya wazazi kumtafuta Kamanthe. Zubair alivuta mkono wa mkewe taratibu.

"Twende nyumbani, Zai," alisema. "Unawasumbua watu."

"Hatuendi."

Mlinzi alisema tena kwamba hawaruhusiwi kukaa pale, leo si siku yao. Zaituni alimketisha mumewe kwenye benchi, akaketi kando yake bega kwa bega, akavua viatu vyake na kuviweka chini ya benchi, kama mtu aliyefika kwake.

"Basi itabidi tungoje hapa mpaka iwe siku yetu," alisema.